Jibu: Kwa nini pangaboi la Spitfire linaonekana limeganda?

Mkuu, umesema picha zako za Spitfire, ile ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita Kuu ya Pili, ulizopiga kwenye maonyesho ya ndege pale uwanja wa Duxford, Uingereza, ni kali, ila ndege inaonekana kama ya kuchezea iliyotundikwa angani. Tatizo ni hiyo kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) ya 1/2000 ya sekunde uliyoweka, ni fupi mno hadi pangaboi linaganda. Shusha hadi 1/250, ukizoea nenda 1/160, pangaboi lifanye duara la ukungu. Picha nyingi zitatikisika, futa bila huruma. Zungusha kiuno ukiifuata ndege, na usisimamishe mwendo baada ya kubonyeza. Jeti hazina pangaboi, hizo piga hata 1/1000.

Kero ya Duxford ni kwamba watazamaji wanatazama kusini, kwa hiyo mchana jua liko mbele yako na tumbo la ndege linakuwa jeusi. Ongeza mwanga kidogo kwenye kamera, anga ikiungua, yaani ikiwa nyeupe tupu, basi. Kuanzia alasiri jua linahamia kulia, mambo yanakuwa afadhali.

Halafu usisubiri ipae tu. Injini ya Spitfire, iitwayo Merlin, ikiwashwa, silinda 12, inatema moshi wa buluu kwenye ekzosi, na wakati mwingine ulimi wa moto. Mimi naipenda picha hiyo kuliko ya angani.