Ukienda kutoa maoni kuhusu sheria ya usalama, nenda na kifungu mkononi

Vikao vingi vya maoni ya umma kuhusu usalama huku Pwani ya Kenya hupoteza saa ya kwanza bure. Mmoja husimama akasema haki za binadamu zinakanyagwa, akapigiwa makofi. Wa pili husimama akasema hao wa haki za binadamu ndio wanaotetea magaidi, naye akapigiwa makofi. Karani huandika kwamba wananchi walikuwa na maoni tofauti, soda zikagawiwa, watu wakaenda zao. Nimekuwa nikihudhuria vikao hivi tangu 2014, mara nyingi kama mwandishi wa hati za kikundi cha wakaazi. Anayeniuliza ajiandae vipi humwambia aachane na mabishano ya usalama na uhuru kwa jumla. Shika kifungu kimoja, useme kinamkamata nani, saa ngapi, akiwa anafanya nini.

Aliyenionyesha nguvu ya jambo hili ni mzee mmoja mvuvi. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, Lamu iliwekewa kafyu kuanzia Julai, na uvuvi wa usiku ukasimama. Kwenye kikao kimoja vijana wetu walizungumza vizuri sana juu ya uhuru wa kutembea, na wakubwa wa meza ya mbele wakawa wanatazama simu zao. Mzee alipopewa nafasi hakutaja Katiba hata mara moja. Alisema: "Samaki wangu hufuata taa. Mwezi ukiwaka, taa haiwavuti. Kwa hiyo mimi huvua usiku wa giza, na usiku huo ndio mnaoniambia nilale. Mkitaka kutujua, tuandikisheni. Tutoke diko moja, majina yabaki kwa askari, turudi kukipambazuka."

Afisa mmoja aliweka simu chini akauliza, "Mko wangapi, na diko lenyewe ni lipi?" Diko ni pale vyombo vya uvuvi vinapoondokea na kutia nanga. Lilikuwa swali la kwanza kutoka meza ile tangu asubuhi. Kafyu haikuondolewa siku hiyo, na sitaki mtu afikiri hotuba moja huondoa kafyu. Lakini Sheria ya Utulivu wa Umma, inayoruhusu kafyu, inaruhusu pia vibali vya maandishi kwa watu wanaohitaji kuwa nje. Mzee alikuwa amegusa mlango uliomo ndani ya sheria yenyewe, bila kuisoma.

Wewe isome. Usitegemee muhtasari unaosambazwa kwenye WhatsApp, maana wenye kuandika muhtasari huo huwa na upande tayari. Miswada ya usalama inachosha kwa sababu mingi ni ya marekebisho: kipengele kinasema tu kwamba maneno fulani yafutwe na mengine yaingizwe kwenye sheria nyingine ambayo huna mbele yako. Fungua tovuti ya Kenya Law, inayoweka sheria na hukumu za nchi, utoe sheria ya zamani, uziweke mbili sambamba. Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Usalama ya 2014 ilipitishwa Bungeni tarehe 18 Desemba katikati ya rabsha, Rais Uhuru Kenyatta akaitia saini kesho yake, na ilikuwa imegusa sheria nyingi kwa mkupuo mmoja. Waliopinga kitu chote kwa pamoja walisikika redioni. Waliokwenda mahakamani walilazimika kukichambua kifungu kwa kifungu, na tarehe 23 Februari 2015 majaji watano wa Mahakama Kuu walifuta vifungu 8. Kimojawapo ni kile kilichotaka wakimbizi nchini wasizidi 150,000, kingine ni kile cha kuadhibu vyombo vya habari kwa kuchapisha habari za aina fulani kuhusu ugaidi. Kifungu kinachoruhusu kunasa mawasiliano katika vita dhidi ya ugaidi kilibaki. Hukumu ile inafaa kusomwa, hata kwa kurukaruka, kwa sababu inaonyesha hoja ipi ilishika na ipi ilianguka.

Kipimo walichotumia majaji nawe unacho bure: Kifungu cha 24 cha Katiba. Haki inaweza kuwekewa mpaka, lakini kwa sheria, kwa sababu ya msingi, na baada ya kuuliza kama lengo lilelile haliwezi kufikiwa kwa njia isiyobana sana. Swali hilo la mwisho ndilo silaha yako, na ndilo mzee alilolijibu kwa diko lake. Kwenye Kifungu cha 25 zipo haki nne zisizoguswa kabisa: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kuhukumiwa kwa haki, na amri ya mahakama ya kumtaka aliyezuiliwa afikishwe mbele yake. Ukikuta mswada unachezea mojawapo ya hizo, hapo huna haja ya kupendekeza njia mbadala. Kataa tu.

Sasa, kaunti ina uwezo gani? Polisi na ulinzi ni kazi ya serikali ya kitaifa, kwa hiyo mwakilishi wadi anayeahidi kufuta sheria ya usalama anakudanganya. Bunge la kaunti linaweza kupitisha hoja, kupokea ombi la wananchi na kuweka msimamo kwenye kumbukumbu zake. Kuna pia chombo ambacho wengi hawakijui, Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, iliyowekwa na Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011. Mwenyekiti wake ni gavana au mtu aliyemteua, na ndani yake wanatakiwa kuwemo wawakilishi wa wafanyabiashara, dini, wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Uliza kama ipo kwenu na nani anaikalia kwa niaba yako. Jibu lenyewe wakati mwingine huchekesha.

Kuna jambo moja ninaloliona likiharibu vikao kuliko hotuba ndefu. Ni kuwadharau wanaotaka sheria kali. Katika ukumbi huo anaweza kuwa amekaa mama aliyempoteza mtoto katika shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2015, ambapo watu 148 waliuawa, na ukimwambia ametishwa na propaganda, umempoteza yeye na safu nzima aliyokaa nayo. Mimi humpisha azungumze kwanza. Kisha humuuliza, kwa heshima, angependa nini kingefanyika kabla ya siku ile. Mara nyingi jibu huwa kwamba tahadhari zilitolewa zisifuatwe, au askari walichelewa kufika. Hayo hayatibiwi kwa kumweka mtu kizuizini siku nyingi zaidi. Ukiyasema ukiwa umemsikiliza, atatikisa kichwa kukubali. Ukiyasema kabla, atakuona adui.

Ukimaliza kuzungumza, usiondoke na karatasi yako. Andika ukurasa mmoja au miwili: nambari ya kifungu, tatizo, na maneno unayotaka yawekwe badala yake. Nenda na nakala mbili, moja ipokewe na nyingine igongwe muhuri wa tarehe. Kama kikundi chenu kinataka kufika kwa maandamano, mpelekeeni OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, taarifa ya maandishi si chini ya siku 3 kabla na si zaidi ya siku 14. Sheria inataka taarifa, kwa hiyo msikubali kuambiwa mmenyimwa ruhusa ambayo hamkuiomba.

Ripoti ya kamati iliyokusanya maoni ikitoka, itafute hati yako ndani yake. Isipokuwemo, tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016: omba orodha ya hati zilizopokelewa na sababu za kukataa mapendekezo. Wana siku 21 za kujibu. Chagua maneno kwa makini hapa, kwa sababu usalama wa taifa ni mojawapo ya visingizio halali vya kunyima habari. Ombi lisitaje operesheni wala vikosi. Liombe rekodi za maoni ya umma tu, na wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala ukiwa umeambatanisha ile nakala yenye muhuri.