Valvu ya upepo haitengenezwi tena, nifanyeje? Maswali yenu na majibu

Maswali yamejaa tena na mengi yanazunguka palepale, mashine ina miaka 25 au 30, chuma kizima kabisa, ila valvu ya upepo, ile inayogawa upepo wa kompresa kwenda kwenye silinda za mashine, imekufa na walioitengeneza walishaacha zamani. Nimeokota saba, nimeyafupisha kidogo.

Mkuu, namba iliyoandikwa kwenye valvu nimeitafuta kila kona, wakala anasema imefutwa na haina mbadala. Mashine imesimama. Naanzia wapi?

Anza kwa kuachana na hiyo namba kwanza. Mashine haijui namba, inachojua ni upepo unaingilia wapi, unatokea wapi na nani anaisukuma spuli, kile kijiti cha ndani kinachoteleza kufungua na kufunga matundu. Chukua kitambaa ufute ubavu wa valvu utaona kamchoro ka viboksi, hako ndo cheti chake cha kuzaliwa. Viboksi viwili na matundu matano hiyo ni 5/2, viboksi vitatu ni 5/3, na kwenye 5/3 usikurupuke, angalia boksi la katikati limefunga matundu yote, au linaachia upepo wa silinda utoke nje, au linapeleka presha pande zote mbili, manake ukikosea hapo silinda iliyokuwa imebeba mzigo juu itashuka yenyewe siku umeme ukikatika na wewe uko chini yake.

Zile za kizamani zina herufi badala ya namba, isikutishe: P ndo 1 ya upepo kuingia, A na B ni 4 na 2 zinazokwenda kwenye silinda, R na S ni za kutolea, zile 3 na 5.

Halafu angalia imekaaje. Kama imefungwa juu ya bamba kwa skrubu, pima bamba. Yapo mabamba ya viwango vya kimataifa, ISO 5599-1 saizi 1, 2 na 3, na madogo ya ISO 15407 ya milimita 18 na 26, ukikuta ni hayo umepona, valvu ya kampuni nyingine ya saizi ileile inakaa bila hata kugusa mabomba. Ile inayobandikwa moja kwa moja kwenye kigeuza cha valvu kubwa ya bomba mara nyingi ni ya kiwango kinachoitwa NAMUR, matundu yake yameachana milimita 24 kwa 32. Kama bamba ni la kampuni yenyewe tu na halifanani na chochote, basi usihangaike na valvu, ng'oa bamba zima uweke jipya. Kazi ya nusu siku lakini hutarudi tena huko.

Kwenye thredi, yale meno ya kuungia mabomba, wengi ndo wanapoumia, kwasababu zipo aina mbili, BSP na NPT. BSP ya robo inchi ina meno 19 kwa inchi, NPT ya robo ina 18, kwahiyo inaingia mizunguko miwili mitatu kisha inagoma na fundi mwenye hasira anaongeza spana ndefu, mwili wa aluminiamu unapasuka hivi hivi unaona. Ya nusu inchi ni mbaya zaidi kwasababu zote zina meno 14, inaingia vizuri tu, ila pembe ya jino moja ni digrii 55 na nyingine 60, itavuja mpaka uichukie.

Mwisho wa hili, kabla hujakubali kuwa imekufa uliza kampuni ilienda wapi. Zinauzwa na kubadili majina. Upande wa upepo wa Rexroth uliitwa Aventics, kisha 2018 Emerson wakainunua Aventics. Unaweza kutafuta jina la kwanza mwaka mzima kumbe kitu kipo dukani kwa jina la tatu.

Nimebadilisha sili zote (mipira ya kuzuia kuvuja) lakini bado upepo unapuliza kwenye tundu la kutolea, tena bila kukoma. Nimeuziwa sili feki?

Inawezekana, ila kabla hujamgombeza muuzaji hakikisha kwamba ni valvu. Sili ya pistoni ikiisha ndani ya silinda, upepo unavuka kutoka upande wenye presha kwenda upande wa pili, unarudi na bomba mpaka kwenye valvu na kutokea tundu la kutolea, na wewe umesimama pale unailaumu valvu isiyo na kosa. Peleka silinda mpaka mwisho wa safari yake, funga upepo mkuu, toa presha yote, chomoa mpira wa upande usio na presha pale kwenye silinda, kaa mbali na pistoni kisha fungulia tena. Upepo ukitoka kwenye silinda palipochomolewa, pistoni ndo mgonjwa. Silinda ikiwa kimya na valvu bado inapuliza, hapo sawa, rudi kwenye valvu.

Na ukirudi, iangalie spuli. Kuna spuli zenye oringi, pete za mpira, na kuna zile za chuma kwa chuma zisizo na mpira hata mmoja, zimesagwa pamoja na mkono wake, yaani kibomba cha chuma zinamoteleza, mpaka nafasi kati yao imebaki ya maikroni chache. Hizi huvuja kidogo tangu siku zikiwa mpya, ndo maumbile yake. Na ni ndoa ya mmoja kwa mmoja: mimi niliwahi kufungua mbili zinazofanana kama mapacha, nikazimwaga kwenye beseni moja la maji ya sabuni, uchafu umetoka wa rangi ya chai iliyolala, nikazifuta zikang'aa, nikajisifu. Kuzirudisha, moja ikaingia nusu ikakwama, nyingine ikateleza kama imepakwa siagi na ikawa inavuja vibaya. Nilikuwa nimebadilisha wake. Nikazigeuza zikakubali, lakini tangu hapo naosha moja moja kwenye chombo chake.

Kaka, koili ya volti 220 inaungua kila baada ya wiki mbili, nshaweka ya nne sasa.

Acha kununua koili. Kazi yake ni kuvuta kichuma kwa sumaku ya umeme ili valvu igeuke. Koili ya AC inavuta umeme mwingi pale mwanzo wakati kile kichuma cha ndani bado hakijapanda, kikishapanda umeme unashuka wenyewe. Sasa kichuma kikikwama kwa uchafu, kutu au springi iliyopinda, umeme haushuki na koili inapikika. Ya DC haina tabia hiyo, ikikwama inakuangalia tu haifanyi kazi. Fungua usafishe kichuma na kibomba chake, kisukume kwa kidole kirudi bila kusita. Na usijaribu koili ya AC ikiwa imevuliwa nje ya kibomba chake eti unasikiliza kama inalia, dakika chache tu umeua ya tano.

Kama ni valvu ya koili mbili pima kwa mita kama zote zinapata umeme kwa wakati mmoja, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) iliyogandana hufanya hivyo. Na kwa vile koili za 110 na 220 za mashine kongwe zinazidi kuadimika, wengine wanahamia volti 24 DC kwa kuweka rilei katikati, naunga mkono, ila hakikisha kampuni inaruhusu koili ya DC kwenye kibomba hichohicho, si zote zinakubali.

Oringi za dukani za magari zinafaa?

Saizi ikilingana na mpira ukiwa sahihi, ndiyo. Mipira ina aina zake: NBR ndo ya kawaida kwenye upepo wenye mafuta kidogo, FKM weka penye joto kali. EPDM kaa nayo mbali, ikiguswa na mafuta ya madini inavimba kama andazi na spuli haitembei. Usipime oringi ya zamani, hiyo imeshabonyea au kuvimba, pima mfereji inamokaa. Unene wa kawaida ni milimita 1.78, 2.62, 3.53 na kuendelea, na mfereji ukikuonyesha ni ya 1.78 usiongeze "ibane vizuri", kwenye spuli inayotembea kubana zaidi ni kukwama tu. Petroli na thina pia acha, zinaharibu mpira, na kile kikombe cha plastiki kinachoonyesha maji kwenye filta kikiguswa na thina kinaweza kupasuka kikiwa na presha ndani. Maji ya uvuguvugu na sabuni yanatosha.

Nimepata mtandaoni valvu "mpya ya zamani", haijawahi kufunguliwa boksi. Ninunue?

Nunua kwa ajili ya chuma, mpira uhesabu kama haupo. Mwongozo wa ISO 2230 unaipa NBR iliyohifadhiwa vizuri miaka 7 kabla ya kukaguliwa upya, na FKM 10, sasa boksi la miaka 20 unajua mwenyewe. Kwahiyo swali la kwanza siyo bei, ni je, seti ya sili inapatikana au mifereji yake ni ya oringi za kawaida? Mwombe muuzaji picha ya lebo, ya mchoro wa viboksi na ya upande wa chini, akileta picha ya katalogi tu mpite.

Niweke mafuta kwenye laini ya upepo au nisiweke?

Kama mashine ilikuwa inawekewa, endelea, mepesi ya VG 32 (ndo kipimo cha uzito wake), usiache. Mafuta yalishaosha grisi ya kiwandani, ukiacha leo valvu zitakauka zote kwa pamoja. Kama valvu ni za kisasa na hazijawahi kuonja mafuta, usizionjeshe.

Mashine yetu ya kugongea bati ina valvu ya ajabu, kama mbili zimeungana mwili mmoja. Haipatikani, naweza kuweka 5/2 ya kawaida kwa muda?

Hapana, hata kwa zamu moja. Ile ni pacha makusudi, upande mmoja ukikwama wazi wa pili bado unatoa upepo na klachi inaachia. Weka ya kawaida, ikwame mara moja tu, na nyundo itashuka mkono wa mtu ukiwa ndani. Na usiifungue kuibadilisha oringi za kuungaunga, hii hata mimi sigusi. Tafuta pacha ya kisasa iliyoidhinishwa kwa mashine za kugonga, zipo na zinatengenezwa mpaka leo, bamba litabadilika na nyaya pia, na mpaka ifike, mashine ibaki imefungwa kufuli na upepo umetolewa wote.