Barua kwa mwanangu: mtoto anapojitupa chini kwa hasira

Mwanangu mpendwa,

Uliniuliza kwa simu kama umchape mtoto anapojitupa chini na kumpiga mdogo wake, na kwa nini ameanza tena kukojoa kitandani akiwa na miaka minne. Sikutaka kukujibu mbiombio, ndiyo maana naandika.

Usimchape. Sehemu ya ubongo inayomsaidia mtu kujizuia hukua polepole, mpaka apite miaka 20. Hofu na hasira mtoto anazo tayari, ila kuzituliza bado anakutegemea wewe. Ukipandisha sauti, naye anapandisha yake.

Kukojoa huko si utundu. Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka na ardhi ikatetemeka siku baada ya siku, hapa Goma hata watoto wakubwa walirudia kukojoa kitandani. Tulipokimbilia Sake, mdogo wako alishika tumbo kila jua lilipozama, akakataa chakula, wala hakusema hata mara moja kwamba anaogopa. Huko Bukavu mmesikia masasi ya bunduki. Mtoto ameyasikia pia, hata kama mlidhani amelala. Mbadilishie shuka bila maneno mengi, na usimseme mbele ya wageni.

Akiwaka, chuchumaa macho yenu yalingane, mshike mikono asipige, umwambie: «Umekasirika kwa sababu amechukua mpira wako. Kukasirika si kosa, lakini kupiga nakataza.» Basi, hotuba haisikii saa hiyo. Jioni akiwa ametulia, mfundishe kutoa pumzi polepole kama anayepoza uji. Pumzi ndefu ya kutoka hupunguza mapigo ya moyo. Mkizoea, siku ya kilio mtaifanya pamoja.

Mkwe wangu akisema mwanaume halii, mwambie kwa heshima kwamba mimi nakataa. Mwache mtoto alie, kisha aseme kilichomliza.

Wiki zikipita naye bado hachezi, hali chakula, anaamka usiku akipiga kelele, mpeleke kituo cha afya au uulizie pale Sosame. Afya ya akili ndiyo kazi yao. Midomo ya majirani isikuzuie.

Na wewe, unalala? Muombe shangazi yao akushikie watoto Jumamosi, upumzike kweli. Jumapili baada ya misa nipigie, unipe na mjukuu wangu niongee naye.

Mama yako, Goma