Ukirudi kwenye ufukwe wa utotoni, angalia maji kwanza

Kila ifikapo Desemba huwa napata ujumbe kutoka kwa watu niliokua nao Mbezi Beach na Kunduchi, pwani ya Dar es Salaam, ambao sasa wako Mwanza, Dodoma, wengine Muscat. Wamekuja likizo, wameshuka pwani, wamekuta ukuta pale tulipochezea mpira, na wanaandika kwa hasira. Nawaelewa kabisa. Nami niliporudi baada ya kukaa bara muda mrefu nilikuta minazi imelala kifudifudi, mizizi nje, na ule mteremko wa mchanga tuliokuwa tukibingirikia haupo.

Kwa anayejiandaa kwenda, nina ushauri mmoja: kabla hujalia, jua umefika na maji gani na upepo gani. Baadhi ya unayoyalilia ni msimu tu, yatarudi. Mengine hayarudi ng'o, na hayo yana sababu zake.

Tulipokuwa watoto hatukuhitaji kuhesabu mwezi maana tulikuwapo kila siku. Maji yakijaa tunaogelea, yakipwa tunakwenda mwambani. Sasa wewe ni mgeni, samahani kukwambia. Mgeni anaweza kufika saa kumi jioni, akakuta mawimbi yanapiga ukuta, akaapa kwamba ufukwe umekwisha. Nenda siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Dar es Salaam siku hizo maji hupwa sana kwenye saa nne asubuhi hivi, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Fika saa tatu, tembea. Utaona mchanga wote uliobaki, utaona akina mama na vijiti vyao wakichokoa pweza, na huenda ukaona ufukwe wako bado upo, ila umesogea.

Upepo nao una kazi yake. Kusi, upepo utokao kusini, hukokota mchanga kuelekea kaskazini; kaskazi, utokao kaskazini, huurudisha kusini. Kipande kilekile kinaweza kukonda mwezi wa nane na kunenepa mwezi wa pili. Jambo hili mimi nililipata kwa mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu kivulini.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Wewe wa nani?"

Nikataja jina la baba. Akanitazama, akacheka, kisha akanyoosha mkono baharini, mbali kuliko nilivyotarajia. "Goli lenu lilikuwa pale, penye ile ngalawa. Huu mchanga unaouona huondoka na kurudi. Ule wa goli ndio haurudi."

Kwa hiyo zungumza na wavuvi kabla ya kuzungumza na simu yako. Na usimwulize mtu kama huyo "nini kimetokea?", utapata hadithi ya saa nzima. Mwulize kitu kilikuwa wapi.

Kuhusu mchanga usiorudi, mwenzangu, usimalizie lawama zote kwa bahari. Fukwe zile zililishwa na mito, hasa Tegeta na Mbezi, iliyoshusha mchanga kila masika. Mchanga huohuo ukachimbwa mitoni, ukapakiwa malori, ukajenga nyumba za jiji, zikiwemo za sisi tunaolalamika. Matumbawe yaliyokuwa yakivunja nguvu ya mawimbi yakapigwa baruti na wavuvi haramu, mengine yakachomwa chokaa. Bahari ikaendelea kuchukua kama kawaida yake, ila sasa hapakuwa na wa kuzirudishia fukwe mchanga. Hoteli ya Africana iliachwa kwa sababu ya mmomonyoko, na leo wengi wanaoshuka kituo cha daladala cha Africana hawajui kwamba jina ni la hoteli. Kule Pangani, kisiwa cha Maziwe kilichokuwa na mivinje na kasa wakitaga mayai kimebaki fungu la mchanga linaloibuka maji yakipwa.

Kisha zikaja kuta. Mwenye nyumba anajenga ukuta kuokoa bustani, wimbi linaupiga na kurudi na nguvu ileile, linachimba mchanga wa mbele. Matuta ya mawe yanayoingia baharini hudaka mchanga upande mmoja, jirani wa upande wa pili akabaki na mawe matupu. Simlaumu anayetetea nyumba yake, lakini ukitafuta ulikokwenda ufukwe wako, tazama na upande wa jirani.

Ukikuta geti, usirudi nyuma upesi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Uliza kwa adabu njia ya wavuvi iko wapi. Mara nyingi kuna kichochoro kati ya kuta mbili. Na dalali akikuonyesha kiwanja "kinachotazama bahari", mwulize mvuvi, si dalali, bamvua hufika wapi wakati wa kusi.

Watoto usiwape hotuba ya jinsi palivyokuwa. Wanangu walichoka kabla sijafika kwenye habari za goli. Wapeleke Mbudya, boti zinapatikana palepale Kunduchi. Kisiwa kiko ndani ya hifadhi ya bahari, kwa hiyo kuna kiingilio. Beba maji ya kunywa, na wavalishe viatu, maana kwenye mawe kuna miiba.