Kochi anayefundisha watu kuwa makochi: dada, shika hela yako

Juzi kuna dada wa Dodoma kanitumia meseji, anauza vitenge, biashara inasogea, sasa kuna life kochi, hawa wanaolipwa kukushauri namna ya kuendesha maisha yako, anamsumbua alipe laki nane apewe cheti na yeye awe life kochi. Kaambiwa akileta watu wawili hela yake inarudi. Anauliza, hii fursa au upatu?

Mdogo wangu, hela ikishakuwa inarudi kwa kuleta watu, jibu unalo.

Mimi hawa nawajua toka naanza saluni Tabata. Mteja wangu mmoja, mtu tuliyekuwa tunakula sahani moja, alinipeleka semina hotelini, muziki juu, watu wanalia, kochi anasimulia alivyokuwa analala chini na leo ana gari, halafu jioni ndo bei zinaanza kutoka, darasa la kwanza, la pili, na kundi la ndani la mamilioni. Nikanyoosha mkono nikauliza hilo gari limenunuliwa kwa hela ya kazi gani. Nikaambiwa nina fikra za kimaskini, mbele ya watu wote. Yule rafiki mpaka leo hanisalimii na bado inaniuma jamani, nilikuwa namsuka bure akikwama. Ila saluni ipo, na nimefungua nyingine Segerea, hakuna kochi aliyenishika mkono.

Ukiangalia vizuri ni biashara ya mtandao ileile, ile ya kuuza bidhaa na kuingiza watu chini yako, tofauti huku hakuna hata dawa ya meno ya kuuza. Kule angalau unabaki na kopo. Huku unauziwa ukochi, na wateja wako ni watu wanaotaka kuwa makochi, nao watafute wenzao, mpaka mtaa unaisha. Marekani mwaka 2018 tume ya biashara, FTC, iliishtaki MOBE, waliokuwa wanauza mafunzo ya hatua 21 na kochi wa kukuongoza, unaingia kwa dola 49 tu, ukishaingia unasukumwa ununue uanachama wa maelfu ya dola, na kipato chenyewe ni kamisheni ya kuwauzia wengine uanachama uleule. Sisi Tanzania tulikuwa na upatu wa DECI, tukaambiwa panda mbegu, yaani weka hela uvune zaidi, 2009 ikasimamishwa na watu wakabaki wanalia milangoni. Tumesahau mapema hivi?

Sisemi makochi wote matapeli. Kuna shirikisho lao la kimataifa, ICF, lipo toka 1995, cheti chao cha chini kabisa kinataka uwe umekaa na wateja saa 100, cha juu saa 2,500. Sasa wewe unapewa cheti Jumapili jioni baada ya semina ya wikiendi! Na hakuna sheria inayomzuia mtu kujiita life kochi, kesho hata mimi naweza kuandika kwenye bango.

Kwa hiyo dada muulize akupe wateja watatu aliowasaidia ambao wenyewe sio makochi, uongee nao. Muulize mwezi uliopita kiasi gani kimetoka kwa wateja wa kawaida na kiasi gani kwa watu anaowapa vyeti. Na msiwe mnaogopa kuuliza jamani, hela ni yenu, mmeamka alfajiri kuitafuta, anayekasirika ukimuuliza hesabu hajakuheshimu toka mwanzo. Hayo ya kurudishiwa hela yako ayaandike kwenye karatasi asaini, asipotaka kuandika usitume hata elfu kumi ya kushikia nafasi.