Mkeo Hajakataa Daftari, Amekataa Kufichwa

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 6 kwenye ndoa. Kila jioni hukaa kwenye kompyuta dakika chache tu kuingiza hesabu za uwekezaji wetu kwenye programu: mifuko 9 ya uwekezaji inayolipa gawio kila mwezi na kuliwekeza upya, hisa za kampuni 4, kila ada, hadi senti. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mke wangu hanisaidii. Risiti zake hanipi. Wiki iliyopita aliniuliza tuna kiasi gani, nikamwambia asubiri nimalize kupatanisha hesabu, akanuna hadi leo. Kuna hisa zimeshuka kidogo, lakini sijaziuza, kwa hiyo si hasara, na sikuona haja ya kumsumbua nazo. Nifanyeje aelewe umuhimu wa kutunza hesabu? – Mtunza Daftari*

Marahaba, mwanangu. Kutunza hesabu ni jambo jema na wengi hawaliwezi. Kwa hilo nakupongeza, na pongezi zangu zinaishia hapo.

Mkeo alikuuliza swali la maneno matatu tu: "Tuna kiasi gani?" Wewe uliyekesha na hesabu ukashindwa kumjibu. Sasa hilo daftari linamtunzia nani mali? Mimi naona mwanamke huyu ameuliza swali la maana kuliko yote yaliyomo kwenye barua yako, na angekuwa mwanangu ningemwambia aendelee kununa mpaka ajibiwe.

Halafu hizo "dakika chache". Mifuko 9 mara miezi 12 ni maingizo 108 kwa mwaka ya gawio peke yake, kila moja na vipande vyake, yaani sehemu za mfuko ambazo gawio limenunua, vyenye tarakimu nne baada ya nukta. Hujagusa hisa, hujagusa ada. Ukikosea moja, salio halikubali, unarudi nyuma kutafuta senti iliyopotea huku mwenzio amelala. Mwanangu, hizo ni jioni zenu za miaka, na ni yeye aliyezilipia.

Lakini sentensi iliyonisimamisha ni ile ya hisa zilizoshuka "kidogo". Mtu anayeandika ada hadi senti, hasara anaipima kwa neno kidogo? Kila kitu umenipa kwa idadi isipokuwa hicho. Nakwambia wazi: unajua zimeshuka kiasi gani, na ndiyo sababu hesabu haziishi kupatanishwa. Na hiyo kauli ya kwamba usipouza si hasara, iache. Mali yenu ina thamani ya bei ya leo, uuze usiuze. Mficha uchi hazai.

Sasa nikufundishe daftari ambalo watu wawili wanaweza kulisoma. Kila kampuni ya udalali wa hisa au ya mifuko mnakowekeza, ifungulie akaunti moja tu kwenye programu, hata kama ndani yake mna mifuko 9. Programu kama GnuCash inakuruhusu kufuatilia kila hisa na bei yake, lakini haikulazimishi. Akaunti ya kawaida ya mali inatosha. Andika fedha mnazoingiza na mnazotoa, basi. Gawio linalobaki humo humo na kuwekezwa upya usiliguse, kwa sababu limo tayari ndani ya thamani. Kila baada ya miezi 3 chukua taarifa ya akaunti, tazama thamani ya mwisho, kisha weka mstari mmoja uitwao "mabadiliko ya thamani" ili salio lako lilingane na la taarifa.

Tuseme mlianza robo mwaka na 10,000, mkaongeza 600, na taarifa inasema 10,450. Ukitazama salio tu utasema tumepanda kwa 450. Sivyo. Mlitakiwa kuwa na 10,600, kwa hiyo uwekezaji umepoteza 150, na akiba yenu ndiyo iliyoziba pengo. Huo mstari wa kutoa 150 ni mmoja tu, na unasema ukweli ambao maingizo yako 108 yameufunika.

Ukitaka kujua mnapata asilimia ngapi kwa mwaka, huhitaji programu ya ajabu. Kwenye lahajedwali, kama Excel, panga safu ya tarehe na safu ya fedha, mlizoingiza ziwe na alama ya kutoa, thamani ya leo iwe mwisho bila alama hiyo, kisha tumia fomula ya XIRR. Mara moja kwa mwaka inatosha kabisa. Bei za kununulia huenda zikahitajika mkiuza, hasa kama mnatozwa kodi ya faida, kwa hiyo hifadhi taarifa za kila mwaka na hati za kununua na kuuza kwenye folda moja. Dalali wenu ana kumbukumbu hizo. Kuziandika upya kwa mkono ni kufanya kazi iliyokwisha kufanywa.

Na usidhani kuchungulia kila jioni kunaongeza kitu. Watafiti Brad Barber na Terrance Odean walichunguza kaya 66,465 za Marekani zilizokuwa na akaunti kwa dalali mmoja kati ya 1991 na 1996. Zile zilizonunua na kuuza mara nyingi zaidi zilipata asilimia 11.4 kwa mwaka, wakati soko lenyewe lilitoa 17.9. Mkono ulio karibu na sufuria haukosi kukoroga.

Hili nalisema kwa ndoa zote za siku hizi, si yako peke yako. Watu wanalala kitanda kimoja, kila mmoja na neno lake la siri, kila mmoja na programu yake, halafu wanashangaa kwamba hawaelewani. Mmoja anajua fedha ziko wapi, mwingine anaambiwa asubiri. Yule anayejua akiugua ghafla au akifa, mwenzake anabaki kubisha milango ya maofisi akiuliza kama kuna akaunti yenye jina la marehemu. Nimeona wajane na wagane wakiulizwa namba za akaunti ambazo hawakuwahi kuzisikia. Nawasihi, kila mwenye ndoa aandike kwenye karatasi moja: akaunti ziko wapi, namba zake, na jinsi ya kuifungua programu. Mwenzake ajue karatasi ilipo.

Risiti za mkeo usimwombe tena. Matumizi yake ya kila siku hayahusiani na uwekezaji, na mtu anayefichwa hasara hana sababu ya kukukabidhi risiti zake.

Leo jioni usifungue kompyuta. Mwambie kwanza zile hisa zimeshuka kiasi gani, kwa namba kamili, na ulizinunua lini. Akikasirika, mwache akasirike. Akitulia, leteni taarifa za akaunti mezani, wewe umsomee namba, yeye aziandike.