Kabla ya kuonja msonobari, tazama sindano zake

Mtu akiniuliza sehemu gani za msonobari zinaliwa, swali langu la kwanza ni hili: una hakika huo ni msonobari? Watu huita hivyo karibu kila mti wenye majani membamba ya kijani, na miongoni mwa inayofananishwa nao umo Taxus, wenye sumu inayoweza kusimamisha moyo. Majani, mbegu na gome lake vyote ni hatari, na kuvichemsha hakusaidii.

Mimi hutazama namna majani yalivyoshikana. Sindano za msonobari, yaani majani yake membamba, huchipua kwa vifungu, aghalabu mbili, tatu au tano pamoja, zikishikwa kwenye shina na kiganda kidogo. Majani ya Taxus ni bapa, hukaa moja moja kijitini, na mti huo hauna koni, lile tunda kavu la magamba linalobeba mbegu za msonobari. Una vitunda vyekundu. Nisipoona vifungu, naondoka. Harufu nzuri peke yake si ushahidi.

Nikisharidhika, napenda zaidi chai. Nachuma sindano changa, kidogo kidogo kutoka matawi tofauti, mbali na barabara na miti iliyopuliziwa dawa. Naziosha, naondoa vile viganda, nazikatakata, kisha nazimwagia maji yaliyochemka na kuepuliwa, na kuzifunika kama dakika 10. Kuzitokosa ni kuharibu kazi: vitamini C hupotea kwa moto na chai huwa chungu. Leningrad, mji wa Urusi, ilipozingirwa katika Vita Vikuu vya Pili, maji ya sindano hizi yalitengenezwa kuwakinga watu na kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C.

Mjamzito asinywe kabisa. Sindano za Pinus ponderosa, aina moja ya msonobari, zinajulikana kwa kuharibu mimba za ng'ombe, na mimi sioni kikombe cha chai kinachostahili hatari ya namna hiyo.

Mbegu ndizo tamu kuliko vyote, ila katika aina nyingi ni ndogo mno, usumbufu mtupu. Aina kama Pinus pinea ndizo zenye mbegu za kushibisha. Za Pinus armandii huwaacha baadhi ya walaji na uchungu wa chuma mdomoni, unaoanza siku moja au mbili baadaye na kudumu hata wiki mbili, huisha wenyewe.

Gome la ndani, lile tabaka laini jeupe, lilisagwa Finland na kuchanganywa na unga wa mkate miaka ya njaa. Linalika, lakini ukilibandua kuzunguka shina lote mti unakufa. Mimi hulitoa kwenye mti ambao umeshakatwa au umeangushwa na upepo karibuni, basi.

Tapentaini hutokana na utomvu wa msonobari, lakini hainywewi, hata ukisikia inatibu minyoo. Na kama chavua hukuletea mafua au pumu, anza na funda moja la chai, usubiri mpaka kesho yake.